Kitabu cha Mdomo Mkubwa

Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, Cherehani alishuka ngazi za ghorofa ya darasa la sita na kwenda kuwasomea wadogo wa darasa la kwanza vitabu vya picha. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wenzake ndio waliombandika, kwa sababu alipoanza kuongea hapakuwa na mkato wala nukta. Ilikuwa tatatatata mpaka uzi ukatike. Lakini kwa kusoma kwa sauti, shule nzima haikuwa na wa kumfikia, na ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza alimchagua yeye.

Mwalimu huyo naye alikuwa na jina lake la utani, Mwalimu Polepole. Alilipima kila neno kabla ya kulitoa, na Cherehani hakuwa na subira ya kumngoja.

"Watoto," alianza mwalimu Alhamisi moja, "leo dada yenu atatusomea kitabu cha..."

"Cha sungura aliyepotea!" alidakia Cherehani. "Wanamtafuta wee, kumbe yuko ndani ya pipa!"

Mwalimu alimtazama. "Haya. Sasa tusome nini, kama mwisho tumeshaujua?"

Watoto walicheka. Kisha wakafanya walivyozoea kumwona dada yao akifanya. Hata ukurasa wa pili haujafunguliwa, mmoja alisema kwao kuna pipa la bluu, mwingine akasema sungura wanauma, wa tatu akalia kwamba amekatizwa. Watoto arobaini na wawili, midomo arobaini na miwili. Tangu shule ifunguliwe hawakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja.

Katika safu ya tatu aliketi mdogo wake Cherehani, mtoto wa miaka sita. Nyumbani walimwita Babu, kwa kuwa alitembea mikono nyuma, uso ameukunja, kama mzee anayekagua uzio wake. Babu alikuwa na kifafa. Zamani alikuwa akianguka mara kwa mara, lakini tangu aanze kunywa dawa ulikuwa umepita mwaka mzima bila kuanguka. Mama yao alifua mashuka katika nyumba ya wageni na aliondoka jua halijachomoza, kwa hiyo kazi ya kumpa Babu dawa ilikuwa ya Cherehani. Kijiko kimoja cha chai asubuhi, kimoja jioni. Hakuwahi kusahau hata siku moja, na alijivunia hilo.

Jumatatu iliyofuata, mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu kliniki ya hospitali kuchukua dawa ya mwezi. Foleni ilikuwa ndefu. Watoto walikohoa, watu wazima walisukumana, na mfamasia aliyekuwa dirishani alionekana hajakaa chini tangu asubuhi. Alipokea kadi ya Babu, akaingia ndani, akarudi na chupa pamoja na mfuko wa karatasi.

"Mama," alisema, "ile chupa mliyozoea imekwisha. Hii ya safari hii ni..."

"Ni kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na ale kwanza!" alidakia Cherehani, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha. "Mimi ndiye ninayempa. Naweza kumpimia hata macho nimefumba!"

Waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka. "Tumepata nesi mwingine!" mzee mmoja alisema. Mfamasia naye alitabasamu kwa uchovu, akafungua mdomo tena, lakini mama mwenye mtoto mgongoni alishapenyeza kadi yake dirishani na kusema mwanawe anatapika. Mama yake Cherehani alichukua chupa, akashukuru, wakaenda zao.

Nyumbani, Cherehani alipoufungua ule mfuko wa karatasi alikuta kibomba kidogo cha plastiki kisicho na sindano, chenye mistari ubavuni. Aliona pia kwamba chupa imeandikwa kwa kalamu. Hakusoma. Kitu unachokijua unakisomea nini? Kibomba alimpa Babu akachezee maji, na Babu akashinda akiwarushia kuku.

Jumanne Babu alilala mapema. Jumatano alichelewa kuamka, na kikombe cha chai kilimponyoka mkononi. Alhamisi asubuhi, njiani kwenda shule, alisimama kando ya duka la vifaa vya ujenzi akashika ukuta.

"Dada," alisema, "kichwa changu kina..."

"Kina usingizi, najua! Ndiyo matokeo ya kuchezea maji mpaka giza linaingia. Twende, tutachelewa."

"Siyo, dada, kina..."

"Babu! Twende!"

Babu akanyamaza. Dada yake alimshika mkono, akamvuta.

Kipindi cha mwisho siku hiyo, Cherehani alikuwa anasoma mbele ya darasa, na kama kawaida watoto walikuwa wanasema wote kwa pamoja. Alimwona Babu amelaza kichwa juu ya dawati. Akajisemea, amelala, nitamshtaki kwa mama. Aliendelea kusoma, akipandisha sauti ili awashinde. Ukurasa wa nne, wa tano. Ndipo Mwalimu Polepole alipoinuka ghafla kutoka nyuma ya darasa, akapita kati ya madawati mbio mbio, mwalimu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Alimwinua Babu. Shingo ya mtoto ilining'inia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Darasa zima likanyamaza, lakini kimya hicho kilikuwa kimechelewa.

*

Mama alifika hospitali bado amevaa aproni, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Babu alikuwa kitandani, mpira puani, dripu mkononi, macho yamefumba. Daktari aliigeuza mikononi ile chupa, ambayo Cherehani alitumwa kuifuata nyumbani.

"Mama, mlikuwa mnampimia na nini?"

"Kijiko, daktari. Kijiko cha chai, kama siku zote."

"Hii ina nguvu mara tatu ya ile ya zamani. Imeandikwa hapa, mpime kwa kibomba, msipite mstari wa pili." Daktari alishusha sauti. "Mtoto amekunywa sumu kwa siku tatu."

Mama alishika chuma cha kitanda. Mfamasia alikuwa ameitwa, naye alisimama mlangoni, na mkuu wa hospitali kando yake akiwa na daftari wazi.

"Hukuniambia!" mama alimlipukia. "Ulinipa chupa kama unayempa mtu maji! Mwanangu akifa, nitakutafuta mimi, nakuapia!"

"Mama, nilianza kukueleza..."

"Ulieleza nini? Nani alisikia?"

"Jibu moja tu," mkuu wa hospitali alimwambia mfamasia, kalamu mkononi. "Ulimweleza, au hukumweleza? Najua wewe una watoto, na mimi sipendi kumfukuza mtu kazi. Lakini hili siwezi kulifunika."

Mfamasia aliinamisha kichwa.

Cherehani alikuwa amejibanza pembeni mwa kabati. Ulimi wake, ambao siku zote ulimtangulia, ulikuwa mzito kama jiwe. Hakuna aliyemtazama. Angekaa kimya pale pale, mambo yangepita juu ya kichwa chake, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Babu. Kifua cha Babu kilipanda kidogo, kikakaa, kikakaa tena, kisha kikashuka.

"Alikuwa anasema," alitamka. Sauti ilitoka nyembamba. "Alikuwa anasema, mimi nikadakia. Alisema hii ya safari hii ni... nikamkata. Na kibomba tulipewa. Nilimpa Babu achezee."

Mama aligeuka. Hakumfokea, hakuinua mkono. Alimtazama tu, na Cherehani aliona ni heri angepigwa.

Mfamasia aliinua kichwa. "Mtoto amesema kweli, lakini mzigo wote usimwangukie yeye. Pale dirishani mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima. Nilipaswa kuishikilia chupa mpaka nimalize kusema. Nilichoka, nikaiachia."

Mkuu wa hospitali aliandika yote mawili. Mfamasia hakufukuzwa, ila aliondolewa dirishani kwa muda. Na tangu siku hiyo, pale kliniki, hakuna chupa inayotoka kabla mgonjwa hajarudia kwa mdomo wake mwenyewe namna ya kuitumia.

Babu alilala siku mbili bila kufumbua macho. Siku ya tatu aliyafumbua, lakini alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu, na alibaki hospitali wiki nne. Alikonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Lililomuumiza zaidi Cherehani ni kwamba Babu sasa alisema kwa shida. Kila neno lilitoka peke yake, na kati ya neno na neno ungeweza kuhesabu mpaka tano. Daktari alisema huenda ulimi ukachangamka baada ya miezi, na huenda usirudi kama zamani. Hakuahidi.

*

Cherehani aliacha kuongea. Darasani hakunyoosha mkono, uwanjani hakujibu.

"Cherehani imevunjika sindano!" mvulana mmoja alitania.

"Mpelekeeni fundi!" mwingine akaongeza.

Hakugeuka hata kuwatazama. Nyumbani mama alikuja usiku umeingia, akapika, akauliza yanayopaswa kuulizwa, basi. Kati yao palikuwa na ukuta, na kila mmoja aliogopa kuugusa.

Siku moja Mwalimu Polepole alimwita chini ya dirisha la darasa la kwanza.

"Naona umenyamaza."

Cherehani alitikisa kichwa kukubali.

"Leo asubuhi mstarini nilitangaza jambo gani?"

Cherehani alifikiri. Alikuwepo mstarini, mdomo ameufunga kabisa. Lakini hakukumbuka hata neno moja.

"Unaona," mwalimu alisema taratibu. "Mdomo umeufunga, na masikio umeyafunga pamoja nao. Hiyo ni adhabu unayojipa, mwanangu. Haimsaidii Babu, haimsaidii mtu yeyote." Alinyamaza kidogo, na Cherehani, kwa mara ya kwanza, alingoja. "Mimi nina darasa humu ndani. Nimewafokea, nimewasimamisha, nimewaambia waweke vidole midomoni. Wananyamaza nikiwatazama, nikigeukia ubao ni soko. Hawajui kukatiza kunadhuru nini, kwa sababu kukatiza hakuonekani. Ni kitu gani kinachoonekana kwa macho, kwa mtoto wa miaka sita?"

"Picha," alisema Cherehani.

"Basi nichoree kitabu."

Kazi ilimchukua siku tano. Aliomba maboksi matupu dukani, akayakata kurasa za ukubwa mmoja. Alichora kliniki, foleni, dirisha. Alimchora msichana mwenye mdomo mkubwa kupita kiasi, mdomo ambao ukifunguka unafunika nusu ya uso wa mtu mwingine. Katika ukurasa wa dirishani, mfamasia haonekani kinywa, kimezibwa na mdomo wa msichana, na maneno yake yanaanguka sakafuni kama vifungo vilivyokatika. Alichora kibomba na kuku. Alichora kitanda. Kisha, baada ya kukaa na kalamu mkononi muda mrefu, alichora ukurasa ambao hakuna aliyemwomba: mtoto ameshika ukuta wa duka, na mdomo mkubwa umemfunika uso wote.

Mama alirudi kutoka kazini akazikuta kurasa zimetandazwa sakafuni. Aliziokota moja moja. Alipofika kwenye ule wa ukutani, akasimama nao.

"Alikuambia?"

"Aliniambia, mama. Asubuhi ile ile. Sikumwacha amalize."

Mama aliketi juu ya kitanda. Machozi yalimtoka bila sauti, na Cherehani alitaka kusema nisamehe, sikujua, sitarudia, yote kwa mkupuo mmoja. Akajizuia. Alikaa karibu na mama, akangoja.

"Nilikuwa nakukasirikia," mama alisema mwishowe, "kumbe nilikuwa najikasirikia mimi. Chupa niliishika kwa mkono wangu. Nilikuacha uwe mama wa mwanangu kwa sababu ulikuwa unaniambia unajua, na mimi nilikuwa nimechoka kuuliza." Alijifuta uso kwa upindo wa khanga. Kisha alitoa sindano nene na uzi wa kushonea mashuka, akazipanga kurasa magotini. "Lete ukurasa wa kwanza. Kitabu bila mgongo kitapukutika."

*

Alhamisi iliyofuata Cherehani alisimama mbele ya darasa la kwanza.

"Leo kuna utaratibu mpya," alisema. "Ukiwa na neno, weka kiganja juu ya dawati, hivi. Nitakuona. Nikifika mwisho wa ukurasa, nitakuita. Lakini mtu akiumia, au ukiona hatari, usingoje kiganja. Piga kelele hapo hapo."

Akafungua.

"Huyo ni wewe!" mmoja alisema.

"Mdomo kama pango!"

"Babu amekufa?"

"Hajakufa! Mama yangu kamwona!"

Cherehani wa zamani angewajibu wote kwa pumzi moja. Huyu aliweka kidole juu ya ukurasa akanyamaza. Kelele zilipopungua, aliuliza, "Mfamasia alikuwa anasema nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

"Na mimi sikujua," alisema. Akarudi ukurasa wa kwanza.

Mara ya pili walifika kwenye kuku, wakavurugika tena. Alirudi mwanzo. Mara ya tatu viganja viliwekwa juu ya madawati, viwili, saba, kumi na tano, na kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe, sauti iliyosikika darasani ilikuwa moja. Walifika kwenye ukurasa wa ukutani. Walifika kwenye kitanda. Hakuna aliyecheka.

Ukurasa ulipokwisha, Cherehani alikiona kiganja cha msichana mdogo asiye na meno ya mbele, jirani yake Babu kwenye dawati. Kilikuwa kimewekwa tangu mwanzo.

"Sema."

"Siku ile," msichana alisema, "mimi niliona Babu anatoka mate, na macho yamegeuka. Nilisema. Nilisema mara nyingi. Lakini ulikuwa unasoma kwa nguvu, na hawa wote walikuwa wanapiga kelele. Nikafikiri labda haifai kusema." Akaangua kilio. "Nikaacha kusema."

Mwalimu Polepole alimfuata, akampakata. Watoto walitazama sakafu. Hakuna aliyehitaji kufokewa.

"Ulikuwa na neno muhimu kuliko yetu sote," Cherehani alimwambia. "Ni sisi tuliolikanyaga."

Baada ya wiki mbili nyingine, Babu alirudi shuleni. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni akasimama hapo akimtazama, naye alitembea mwenyewe hadi safu ya tatu, mikono nyuma. Kilikuwa kipindi cha kusoma, na watoto walikililia kitabu kile kile. Cherehani alipofika ukurasa wa kitandani, kiganja cha Babu kilishuka juu ya dawati.

"Sema, Babu."

Babu alisimama. "Dada... ndiye..."

Akakwama. Cherehani alijua maneno yanayofuata. Dada ndiye aliyenipa dawa. Dada ndiye aliyenivuta njiani. Ulimi ulimwasha, angeweza kudakia, angeweza kulisema yeye mwenyewe ili likwishe, lisimwume kutoka kinywani mwa mtoto. Aliuma midomo. Watoto arobaini na mmoja walikuwa kimya. Hakuna aliyemsaidia Babu neno, hakuna aliyekohoa. Mama mlangoni alikuwa ameziba kinywa kwa mkono.

"...amenichora... vibaya," Babu alisema, uso ameukunja. "Kichwa... gani... kikubwa... kama... tikiti?"

Darasa lilivunjika mbavu. Babu mwenyewe alicheka mpaka akashika dawati. Cherehani alicheka na kulia pamoja.

Mwalimu Polepole aliacha kicheko kiishe chenyewe. Kisha alisimama katikati ya darasa, na wote walimngoja.

"Mmeona wenyewe, watoto. Hapa hakuna aliyejua Babu anakwenda wapi na maneno yake. Hata dada yake, anayempenda kuliko sisi sote, hakujua." "Neno la mtu liko kichwani mwake mpaka alimalize. Ukimkatiza, unabaki na lako tu, na huenda la kwake ndilo lililokuwa na uhai wa mtu ndani yake. Mngojeni mwenzenu afike. Akishafika, ndipo nanyi mseme."

Babu alikuwa bado amesimama, kiganja juu ya dawati.

"Bado una neno?" mwalimu aliuliza.

Babu alitikisa kichwa kukubali. Na darasa zima likatulia kumngoja.